Baiskeli Iliyofungwa kwa Ngozi Mbichi

Nianze na harufu, kwa sababu yenyewe ndiyo iliyotangulia. Kabla gurudumu halijazunguka hata mara moja kwa nguvu ya umeme, baiskeli ile ilikuwa tayari inanuka. Ilinuka sebuleni mwangu, kando ya kochi, kwa maana hapa Kisaju huachi baiskeli nje ukatarajia kuikuta asubuhi. Ilinuka katika mkate wangu na katika shuka zangu. Iliingia katika sweta niliyokuwa nikivaa kazini, na nilipokuwa nikifundisha fizikia kule Kitengela, wanafunzi wa dawati la mbele walihamia la pili, kisha la tatu, bila kusema neno, kwa ile adabu ya watoto wanaoona kwamba mwalimu wao ana jambo nyumbani.

Kilichonuka ni ngozi ya ng'ombe, ngozi mbichi yenye manyoya yake, iliyokatwa vipande virefu kama mikanda na kuzungushwa kwenye betri ingali majimaji. Nipe subira nikueleze ilifikaje pale, maana ukisikia nusu ya kisa utatuona wajinga. Kila mmoja wetu alifanya kitu ambacho kwake kilikuwa na maana kabisa.

Napanga chumba na sebule katika boma la mama mmoja mjane. Yeye ni Mkamba aliyeolewa na Mmasai, na baada ya mumewe kufariki alibaki na ng'ombe wa maziwa na kipande cha ardhi kilichozungukwa na ua wa majirani pande zote. Zamani ng'ombe walitoka asubuhi wakaenda wanakotaka. Siku hizi kila ukitazama ni waya, beko za mipaka na geti. Ng'ombe wake hula nyasi za kununua, zinazoletwa zimefungwa marobota, kwa hiyo maziwa lazima yauzwe mjini, la sivyo wanyama wale wanakula boma lote mpaka mlango.

Wanunuzi wako Noonkopir, katikati ya mji wa Kitengela, kwenye hoteli za chai na chapati. Maziwa alikuwa akiyapeleka kwa bodaboda, lakini mwenye boda haondoki na mtungi wa maziwa peke yake. Husubiri abiria, hupitia kwa fundi, hubeba gunia la makaa juu ya mfuniko, akisimama njiani kusalimia watu huku jua linapanda. Mara nyingi maziwa yalifika yameanza kuganda, na mwenye hoteli akayarudisha. Mama mwenyewe asingeweza kuyapeleka kwa miguu. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu aliposukumwa na ndama, na akitembea mpaka barabarani tu hukaa chini kwanza.

Hapo ndipo shemeji yake alipoingia. Ni ndugu mdogo wa marehemu, mtu mrefu mkimya mwenye boma lake upande wa Loitokitok, ambako bado kuna nyasi za bure. Alikuja kwa pikipiki yake, akakaa kwenye kigoda, akanywa chai, kisha akasema bila kupandisha sauti:

"Shemeji, hawa ng'ombe niwachukue. Huku wanakula pesa. Kwangu watakula nyasi."

"Na mimi nitakula nini?" Mama akamuuliza.

"Tutakuletea."

"Kuletewa ni kuomba kwa adabu," Mama akasema, na akaondoka kwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Nilimfuata jikoni. Akaniambia kitu ambacho sikukijua kumhusu: alipokuwa msichana huko Ukambani alikuwa akiendesha baiskeli kuleta maji, mitungi miwili nyuma na mmoja mbele, mlima na mteremko. Baiskeli ingali inamkubali, akasema, ila goti halikubali pedali. Kama pedali zingejizungusha, angepeleka maziwa yake mwenyewe, na hakuna mtu angezungumza habari za Loitokitok.

Sasa, pedali za kujizungusha ni jambo ninaloliweza. Tukarudi nje, na tukapatana na shemeji kwa maneno machache. Tutatengeneza baiskeli ya umeme. Siku ikiwa tayari, tutaijaribu mbele yake. Maziwa yakifika Noonkopir yakiwa mazuri na hoteli ikayachukua, ng'ombe wanabaki. Yasipofika, anawachukua wote wiki hiyohiyo.

"Tunaweza kujaribu na maji kwanza," nikasema, nikiwa mwalimu.

"Maji hayagandi," shemeji akajibu. "Jaribuni na maziwa."

Kama umewahi kufikiria kujitengenezea moja, nikutie moyo: kazi yenyewe haitishi. Unahitaji baiskeli imara, na sisi tulikuwa na ile nyeusi nzito ya marehemu tuiitayo blak mamba. Gurudumu la mbele unalitoa, unaweka lingine lenye mota ndani ya kitovu chake. Mota inapata umeme kutoka kwenye betri, lakini haupiti moja kwa moja. Katikati kuna kisanduku kinachoitwa kontrola, ambacho ni kama mtu anayesimama mferejini kuamua maji kiasi gani yapite. Kwenye usukani unafunga kishikio cha kuzungusha: ukizungusha kidogo kontrola inafungulia umeme kidogo, ukizungusha sana inafungulia mwingi. Mengine ni nyaya, skrubu na kuvumilia maoni ya majirani.

Betri niliitoa kwenye pikipiki ya umeme iliyokuwa imegongwa. Seli zake zilikuwa nzima. Niliiweka ndani ya mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia, nikaukata ubavuni kama mlango, kisha nikaukalisha katikati ya fremu. Ikabaki kuifunga isicheze. Nilitumia mpira wa tyubu, kama tunavyofunga kila kitu nchini humu, kuanzia magodoro hadi mbuzi.

Shemeji alikuja kukagua. Akautikisa ule mtungi kwa kidole kimoja. Ukacheza. Akaniangalia kwa huruma kabisa.

"Mwalimu, tyubu inavutika. Kwa hii barabara yetu itakuwa inapiga makofi. Ngoja."

Siku iliyofuata alirudi na gunia likidondosha kitu cheusi. Ndani mlikuwa na ngozi ya fahali aliyekufa kwa ugonjwa wiki hiyo. Akaikata mikanda kwa kisu chake, akaifunga kuzunguka mtungi na fremu, akivuta kwa meno pale mikono haikutosha. Aliivuta kwa meno, msomaji wangu, na mimi nikageuka kutazama ua.

Lakini usimcheke. Wafugaji wa hapa wamefunga kwa ngozi mbichi tangu hapo: mpini wa shoka, mguu wa kigoda uliovunjika, nguzo ya zizi. Unaifunga ikiwa mbichi, inakauka, na inapokauka inajikaza mpaka inakuwa kama chuma. Nililijua jambo hilo kwa njia yangu pia, kwa jinsi nyuzi za ngozi zinavyosinyaa zikipoteza maji, na nilimweleza kwa furaha huku nimeziba pua. Hofu yangu ilikuwa kwamba ngozi ingeibana betri kupita kiasi, na betri za aina ile hazipendi kubanwa. Nikaweka ubao mwembamba kila upande ndani ya mtungi. Nikajiona nimefikiria kila kitu.

Ngozi iliachwa ikauke. Manyoya yalikuwa nje, mekundu yenye madoa meupe, hivyo baiskeli ikaonekana kama mnyama aliyechunwa nusu. Nzi walikuja siku ya kwanza. Siku ya pili walikuwa wamezaa. Niliwaona funza wadogo, weupe, wakijikunja kwenye mshono, nikachota majivu jikoni nikayamwaga juu yao. Mama aliweka sufuria ya makaa yenye vijiti vya mzeituni mwitu chini ya fremu, vilevile wanavyofukiza kibuyu cha maziwa kabla ya kukitumia. Alivumbua tiba hiyo wakati niko kazini. Niliporudi nikakuta moto unafuka chini ya betri, nikapiga yowe ambalo hata mbwa wa jirani walilijibu.

"Si nilitaka tu inukie!" akasema, akiburuta sufuria.

"Mama, hiyo betri ikishika moto haizimwi kwa maji!"

"Basi na iendelee kunuka," akasema. "Kunuka hakuunguzi nyumba."

Mwisho wake ngozi ilikauka. Nilijaribu kuutikisa mtungi kwa mikono miwili na haukucheza hata kidogo. Harufu ilibaki, nzito, tamu kidogo, na huo utamu ndio ulionichefua zaidi ya yote. Lakini kazi ilikuwa imara, na nilimwambia shemeji hivyo kwa moyo mweupe.

Asubuhi ya jaribio alifika kabla hatujamaliza kukamua. "Takwenya," akamsalimu Mama kwa Kimasai. "Iko," Mama akaitikia, bila kuinua kichwa kutoka kwenye titi la ng'ombe. Maziwa yakachujwa kwenye kitambaa, yakamiminwa katika mtungi wa alumini, na mtungi ukafungwa kwenye keria nyuma. Mama alitaka kuendesha yeye. Nikakataa. Ukitengeneza chombo kwa mikono yako, mtu wa kwanza kuanguka nacho awe wewe. Hiyo ni kanuni yangu na nakushauri uwe nayo.

"Basi mimi nitatangulia na shemeji," akasema, akijifunga leso kiunoni. "Muuzaji apokee maziwa yake mlangoni."

Wakaondoka kwa pikipiki, yeye ameketi upande kwa sababu ya goti, shemeji amenyooka mbele kama nguzo.

Nikazungusha kishikio. Nakumbuka jinsi baiskeli ile nzito ilivyojivuta mbele peke yake, kimya, kama mtu aliyeshikwa mkono na rafiki. Nilicheka kwa sauti. Miguu yangu ilikuwa imetulia kwenye pedali na bado nyumba zilikuwa zinarudi nyuma. Nilipita pembeni ya barabara ya Namanga, kwenye njia ya vumbi, nikiwaacha wachungaji na mbuzi wao wakinikodolea macho. Kwa kipande hicho cha safari niliisahau hata harufu, maana upepo ulikuwa unaipeleka nyuma, wapate watu wengine.

Kisha nikakaribia mjini.

Kabla ya kuingia Kitengela, ile njia ya pembeni hushuka kwenye bonde dogo. Hapo awali lilikuwa bonde la nyasi tu. Sasa ndipo malori ya kunyonya vyoo huja kumwaga mizigo yake kwa siri, ili madereva wasiende mbali panapotakiwa. Maji ya kichinjio kilicho juu kidogo hutelemka papo hapo na kukutana na hayo mengine. Sitaki kukuelezea sana, lakini nimeahidi kueleza. Palikuwa na dimbwi jeusi lenye ngozi juu kama ya uji uliopoa. Chini yake kulikuwa na kitu kikitoa mapovu. Kingoni palikuwa na nywele, plastiki, tumbo la mbuzi lililopasuka, na vile vitambaa na karatasi ambazo kila mtu mzima anazijua na hazitaji. Watu walikuwa wanapita pale kwenda kazini, wamevaa viatu vizuri, wakirukaruka kwenye mawe, wakitazama juu. Hilo ndilo lililonichukiza zaidi ya mapovu: kwamba tumejifunza kutazama juu. Mtu analipwa kubeba kinyesi cha wenye nyumba nzuri, anakimwaga kwenye njia ya wenye miguu, na wenye miguu wanatafuta mawe.

Mimi sikuwa na jiwe. Upande mmoja palikuwa na lori limesimama, upande mwingine ua wa waya. Nikaingia katikati taratibu.

Gurudumu la mbele likarusha maji yale nyuma. Si mengi, lakini yalitua pale pale, kwenye ngozi. Na hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa katikati ya dimbwi, somo ambalo nusu yake nilikuwa nimemfundisha shemeji. Ngozi mbichi ikipoteza maji inajikaza. Ikirudishiwa maji, inakumbuka kwamba ilikuwa ng'ombe. Inalainika, inarefuka, inateleza. Nguzo ya zizi hainyeshewi na dimbwi kutoka chini, na mpini wa shoka hauogi. Katika mambo yote ambayo watu wamefunga kwa ngozi mbichi, hakuna lililokuwa na gurudumu mbele yake.

Nilitoka upande wa pili. Nikasimama kutazama. Mikanda ilikuwa imelegea na kung'aa, manyoya yamelala, na harufu, ile niliyoizoea, ilikuwa imefufuka na kuleta jamaa zake. Joto la betri lilikuwa linaipika polepole. Nikainama pembeni nikatapika chai yangu yote.

Nilipojifuta mdomo nikaona kwamba sikuwa peke yangu. Mbwa wa kichinjio walikuwa wamekuja. Wale si mbwa wa kufukuza kwa "toka!" Wananona kwa matumbo na damu, wana vichwa vikubwa, na mmoja hakuwa na sikio. Walikuwa wameketi wakitazama baiskeli yangu kama watu wanaosubiri nyama iive.

Nikapanda upesi, nikazungusha kishikio mpaka mwisho. Mota ikavuta. Mbwa wakavuta pia. Asiye na sikio akadaka ncha ya mkanda uliokuwa ukining'inia, akakaza miguu ardhini, na mkanda ukachomoka wote, mrefu, ukilia kama kiatu kinachong'olewa topeni. Mtungi wa betri ukainama, ukaanguka, ukabaki unabembea kwenye nyaya zake. Kisha waya ukakatika, mota ikazima, na mimi na blak mamba na maziwa ya Mama tukalala upande wa kushoto, kwenye ulimi wa mwisho wa lile dimbwi.

Niliinuka nikiwa nimelowa mkono mzima na nusu ya shavu. Jambo la kwanza nililofanya ni kuusimamisha mtungi wa maziwa. Mfuniko ulikuwa bado umeketi mahali pake, lakini umekaa mshazari, na maziwa kidogo yalikuwa yamechuruzika pembeni. Nilipapangusa kwa kilemba changu. Nikaukandamiza mfuniko. Mbwa walikuwa mbali tayari, wakigombania ngozi ya fahali.

Nikaiokota betri, nikaifunga kwenye usukani kwa kilemba kilekile, nikapiga pedali kwa miguu yangu. Njia iliyobaki haikuwa ndefu. Jua lilikuwa bado chini. Kwa upande wa wakati, tulikuwa tumeshinda.

Hoteli ile iko kwenye kona, Noonkopir, mbele yake kuna kituo cha bodaboda. Waliniona kwanza wao.

"Madam! Hiyo ni baiskeli ama ni buchari?"

"Wacha, amebeba marehemu. Poleni kwa msiba!"

"Marehemu hunuka hivi? Huyu alikufa kitambo!"

Mmoja akavua kofia na kuiweka kifuani, na wote wakacheka mpaka wakaegemea pikipiki zao. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amejifunga leso, uso wake umejaa mwanga. Hakuiona hali yangu. Aliuona mtungi. Nyuma yake alikuwa shemeji, mikono mgongoni.

Mwenye hoteli, mwanamke mnene mwenye aproni, akatoka na kijiti cha kiberiti. Wauza maziwa wa mji huu wamemfundisha kutoamini mtu. Akafungua mfuniko, akachovya kijiti, akakiinua. Tone likang'ang'ania ncha, zito, jeupe. Hayakutiwa maji. Akachota kijiko, akaonja, akameza.

"Maziwa ni tamu," akasema. "Haijaganda hata kidogo. Leta sufuria!" akamwita mtu ndani.

Nikamtazama shemeji. Aliinamisha kichwa kidogo, mara moja, kama mtu anayefunga biashara. Ng'ombe walikuwa wamebaki. Ilitosha mimi kunyamaza mpaka sufuria ije.

Ningependa kukwambia kwamba kilichonifanya niseme ni uadilifu. Yalikuwa ni mapovu. Nilipomwona mwenye hoteli akimeza kijiko kile niliona tena yale mapovu, yakipanda polepole na kupasuka, na mdomo wangu ukafunguka kabla akili haijapata nafasi ya kupanga lolote.

"Msichemshe," nikasema. "Nimeanguka nayo. Kwa lile dimbwi la vyoo. Mfuniko ulikuwa umeinuka. Sijui kama kuna kitu kimeingia."

Mwenye hoteli akakitazama kijiko chake, kisha akaenda ukingoni akatema, akatema tena.

Mama akanikaribia. Sasa aliona shavu langu, mkono wangu, betri iliyofungwa kwa kilemba kama mtoto.

"Kimeingia ama hakijaingia?"

"Sijui, Mama. Kwa kweli sijui."

"Wewe ungeyanywa?"

Nilifikiria vijiko vyote vya sukari duniani, na havikutosha. "Hapana."

Akainama na goti lake bovu, akaushika mtungi kwa masikio yake mawili, akaupindua. Maziwa ya asubuhi nzima yakatiririka kwenye mtaro, meupe juu ya weusi, mengi kuliko nilivyodhani mtungi ule unabeba. Nilimsikia shemeji akivuta pumzi. Kwa watu wake maziwa hayamwagwi chini hovyo hivyo. Humwagwa kwa baraka, matone machache, na mkono wa mtu mzima. Alifumba macho mpaka mlio wa kumwagika ulipokwisha.

"Shemeji, hata mbwa ungewapa," akasema kwa sauti ya chini.

"Mbwa wameshakula ngozi yako," Mama akajibu. "Mimi siuzi kitu siwezi kunywa. Haya. Sasa chukua ng'ombe wako twende."

Mwenye hoteli akaingilia, akijifuta mdomo kwa aproni na bado amekunja uso.

"Aende wapi? Wewe mama, mimi huletewa maziwa yenye maji, yenye unga, yenye dawa sijui ya nini. Hakuna mtu amewahi kumwaga yake mbele yangu. Hata iliyoganda wananiapia kwa Mungu. Kesho uniletee. Utakuja na nini sijui, lakini si hiyo maiti," akaielekezea baiskeli yangu kijiko. "Hiyo usiniletee karibu na chapati."

Shemeji alienda kwenye mfereji wa hoteli, akanawa mikono yake muda mrefu, mpaka viwiko, ingawa hakuwa amegusa chochote. Aliporudi alinizunguka akaitazama blak mamba, pale mkanda mmoja ulipokuwa bado umeng'ang'ania fremu, ukidondosha. Akatoa kisu akaukata. Akautupa kwenye mtaro. Kisha akachukua matope kidogo ya mtaroni kwa ncha ya kisu, akayanusa, na uso wake, ambao sijawahi kuuona ukibadilika, ukajikunja kama wa mtoto aliyepewa dawa.

"Watu wanaishi hapa?" akaniuliza.

"Wengi," nikasema.

"Na mnalipa nyumba?"

Hakungoja jibu. Alimgeukia Mama. "Ng'ombe wabaki mpaka mvua. Nikirudi nikikuta maziwa yanarudishwa, nachukua." Kisha, kwangu: "Mwalimu, tafuta chuma. Ngozi ni ya mahali pasafi."

Nilitafuta chuma. Fundi wa madirisha alinichomelea fremu ndogo yenye mlango na kufuli, betri ikaingia humo ndani ya mtungi mpya, na juu ya gurudumu la mbele nikaweka kinga pana ya matope niliyoikata kutoka kwenye ndoo. Ukijenga yako, anza na hiyo kinga. Watu huanza na mota kwa sababu mota inafurahisha, lakini kabla ya mota jiulize maji ya njia unayopita ni ya namna gani na yatarukia wapi. Na nyaya uziache na nafasi kidogo, zisikatike kitu kikivutwa.

Baiskeli nyeusi niliisugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa. Harufu ilitoka kila mahali isipokuwa kwenye tandiko, ambalo jua likilipiga bado humkumbuka yule fahali. Sweta niliichoma. Chai ya hoteli ile siwezi kuinywa hadi leo, ingawa ni maziwa ya Mama na nayajua yalikotoka. Nikiinua kikombe, ule utando unaojitengeneza juu yake unanitosha.

Yeye huenda kila asubuhi. Hupita njia ya juu, kwenye lami, pamoja na malori makubwa ya Namanga, jambo ambalo linanitisha, lakini afanyeje, bonde lile limezidi kujaa majimaji na kupanuka. Madereva wa malori ya vyoo sasa hawasubiri hata giza. Juzi nilimkuta amesimama juu ya ukingo wa bonde na blak mamba yake, mtungi mtupu nyuma, akiwatazama wakivuta bomba. Dereva mmoja alimpungia mkono.

Mama hakupunga. Aliteremka kwenye baiskeli, akaisimamisha vizuri, akachukua mtungi wa maziwa, akaufungua, akauelekeza kwa yule dereva.

"Njoo unywe!" akamwita. "Chota hapa hapa unapomwaga. Njoo unywe!"

Yule dereva akacheka, kisha akaacha kucheka, akakunja uso na kuziba pua kwa mkono wake mwenyewe, kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kunusa.